Moto wa Pwani, Kiu ya Bara: Lugha ya Jehanamu katika Ukatoliki wa Kiswahili

Mkatoliki wa Iguguno anaposali Kanuni ya Imani hukiri kwamba Kristo, baada ya kufa na kuzikwa, alishuka kuzimu. Anapomaliza fungu moja la rozari huomba aokolewe na moto wa milele, yaani Jehanamu. Na Novemba iingiapo huandika majina ya marehemu wake na kuyapeleka kanisani, ili waombewe wale waliomo toharani. Kuzimu, Jehanamu, toharani: maneno matatu, na kila moja lina ukoo wake. La kwanza ni la Kibantu, mawili yaliyosalia yana asili ya Kiarabu, na yote matatu katika Kiswahili chake yalipanda kutoka pwani. Wapenzi wa tenzi wanayajua tangu utoto. Lakini uhakiki wetu wa mwambao, ambao haukuchoka kupima vina na mizani za wazee, ni mara chache umeuliza yalipatwa na nini maneno hayo yalipokwisha kuvuka Ugogo.

Iguguno ni mji mdogo katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kando ya barabara kuu iendayo Nzega na hatimaye Mwanza. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wenyeji wa sehemu hizo ni Wanyiramba, na majirani zao ni Wanyisanzu na Wanyaturu. Katika Iramba Walutheri wana mizizi ya zamani, na Waislamu wapo. Wakatoliki huhesabiwa katika Jimbo la Singida, lililoundwa mwaka 1972. Nchi ni kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 hadi 800. Jambo hili la mvua si pambo la maelezo, litahitajika mbele.

Wamisionari Wakatoliki walipofika Unguja mwaka 1860, na Bagamoyo mwaka 1868, hawakukuta lugha isiyo na Jehanamu. Waliikuta imekwisha jengwa, ina milango na majina. Qurani inataja milango saba. Washairi wa Pate na Lamu walikuwa wamekwisha ipitia tabaka kwa tabaka kwa majina yake ya Kiarabu. Maaskofu na mapadre waliotafsiri, Waanglikana wa Mkunazini kwa upande mmoja na Mapadre wa Roho Mtakatifu kwa upande wa pili, walikuwa na uchaguzi wa kufanya. Wangeweza kuleta neno la Kilatini na kulikata mkia, kama walivyofanya kwa sakramenti na altare. Hawakufanya hivyo. Walichukua neno lililokuwa kinywani mwa Mswahili Mwislamu, wakalibatiza. Neno Jehanamu halikuwa geni kwa Biblia hata hivyo: Kiarabu na Kigiriki cha Injili vyote viwili vinarudi kwenye Bonde la Hinomu nje ya Yerusalemu, mahali ambapo, kwa masimulizi ya Kitabu cha Wafalme, watoto walitolewa sadaka kwa moto mpaka Mfalme Yosia alipopanajisi ili jambo hilo likome. (Habari ipendwayo na wahubiri, kwamba bonde hilo lilikuwa jalala la mji lililowaka usiku na mchana, haina ushahidi wa kale, ilianza kuandikwa katika Zama za Kati.)

Hapo watafsiri walifanya jambo moja jema ambalo halijasifiwa vya kutosha. Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611 kiliyatupa katika shimo moja maneno yaliyokuwa mbalimbali: makao ya wafu ya Waebrania, yale ya Wagiriki, na bonde la moto, yote yakaitwa kwa jina moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Makao ya wafu yakawa kuzimu, na bonde la moto likawa Jehanamu. Kanuni ya Imani kwa Kilatini husema Kristo aliwashukia walio chini, na vizazi vya waumini wa Ulaya vimelazimika kufundishwa kwamba hapo pasifahamike moto. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya onyo hilo. Kuzimu si motoni, na hata mtoto anajua.

Anajua, ila mahubiri hulisahau. Sikiliza namna yatumikavyo: kuzimu kunatiwa moto, Jehanamu inatiwa giza, na toharani inapakwa rangi za zote mbili. Yapo mapito ya Maandiko yanayosaidia mchanganyiko huo, kama kisa cha tajiri na Lazaro katika Luka, ambapo tajiri yumo kuzimu naye anateseka katika mwali. Lakini kisa kimoja hakitoshi kufuta tofauti ambayo lugha yenyewe imeitunza. Na hasara yake kwa mtu wa Iguguno ni kubwa kuliko aionavyo mwalimu wa dini.

Kwani mzizi wa kuzimu ndio ule wa mzimu na mizimu. Ni upande wa waliotangulia. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara mzizi huu, au ndugu yake, huwataja wazee waliokufa, wale wanaokumbukwa mvua ikikawia na mtoto akiugua. Kwao kuzimu hapakuwa gereza. Palikuwa nyumbani kwa waliotutangulia, na pengine pagumu, pa baridi, pasipo na jua. Lakini hapakuwa na mtu aliyepelekwa huko kwa kuhukumiwa. Basi neno hilo linapowekwa katika kiri ya imani, linamwambia Mnyiramba habari kubwa kupita yote ambayo padre wa kigeni alikusudia kuisema: kwamba Kristo alikwenda kwa babu zako. Kabla hajafufuka, kabla hajawatokea wanafunzi wake, alikwenda kwanza kwa wale waliokufa bila kusikia jina lake. Mababa wa Kanisa la kale waliifundisha siku hiyo, Jumamosi Kuu, kuwa siku ya kufunguliwa kwa wafu. Neno la Kibantu linaifundisha kwa silabi tatu. Kisha anakuja mhubiri na kusema wazee wote wasiobatizwa wanaungua, na silabi tatu hizo zinakuwa bure.

Sikio la mshairi lina zaidi. Kuzimu na kuzima hupakana mno hata ni vigumu kutosikia la pili katika la kwanza. Mahali pa moto usiozimika pameitwa kwa jina linalonong'ona kuzimika. Huenda ni bahati ya sauti tu. Mashairi yamejengwa kwa bahati za namna hiyo.

Sasa turejee pwani. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unamalizika motoni. Hili hupitwa haraka, maana wasomaji wengi, na wahakiki pia, huvutwa na magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa na taa na kaure, sasa popo na bundi. Uzuri wa sehemu hiyo hauna shaka. Lakini mshairi hakukusudia msomaji abaki akilia juu ya majumba. Anampeleka mbele, mpaka kwenye tabaka za Moto, na kuzitaja moja moja. Jambo la kuangalia ni hili: anayeambiwa habari hizo ni nani? Si jirani mlevi, si kafiri, si mtawala aliyemdhulumu mshairi. Anayeambiwa ni moyo wake mwenyewe. Utenzi wote ni mazungumzo ya mtu na moyo wake, na Moto unapofika mwisho unafika ukiwa umeelekezwa kifuani kwa msemaji. Anajitisha yeye. Sisi wengine tumeruhusiwa kusikiliza.

Mlinganishe na Dante. Mshairi huyo Mkatoliki wa karne ya 14 alijenga Jehanamu ya duara tisa, na hakuna aliyeweza kuijenga tena baada yake. Mwaka 1919 padre na mwanachuoni Mhispania, Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu akidai kwamba ramani ya safari hiyo inafanana mno na masimulizi ya Kiislamu ya Miiraji kiasi cha kutosha kuitwa deni. Wataalamu wangali wakishindana juu ya kiwango cha deni hilo, ila hakuna tena anayecheka dai lenyewe. Kwa msomaji wa mwambao, ambaye Miiraji huisikia ikisomwa kila Rajabu, jambo hili si la ajabu. Ajabu ni tofauti. Dante huwataja watu. Anawatia motoni wenyeji wa Florence kwa majina, na Papa aliyemchukia, Bonifasi wa Nane, ambaye alikuwa hai bado katika wakati wa hadithi, tayari amewekewa nafasi yake. Ni sanaa kubwa, na ni kisasi. Sayyid Abdallah ana mabwana wa Pate mikononi mwake, amewataja hata vyumba vyao, na hakumtupa motoni hata mmoja kwa jina lake. Kwa kipimo cha maadili ya ushairi, mtu wa Lamu na Pate hapo amemshinda mtu wa Florence. Na isemwe bila haya.

Ukatoliki wa Kiswahili wa bara ulirithi msamiati wa Sayyid Abdallah na desturi ya Dante. Ndilo kosa lake la kifasihi. Katika mahubiri, katika mafundisho ya ubatizo, katika nyimbo nyingi za kwaya za msiba, Moto unasemwa kwa nafsi ya pili au ya tatu: mtaungua, wataungua. Ni nadra kusikia nitaungua. Viambishi hivyo ni vidogo, lakini imani imesimama juu yake. Jehanamu ya nafsi ya kwanza ni toba. Jehanamu ya nafsi ya tatu ni laana, na laana bara tayari ilikuwa na mafundi wake wengi kabla ya Injili.

Mfano mmoja wa nguvu ya picha hizo ni Fatima. Tarehe 13 Julai 1917, huko Ureno, watoto watatu wachungaji, mkubwa wao akiwa na miaka 10 na mdogo miaka 7, walisema wameonyeshwa Jehanamu. Sala fupi ya kuomba kuepushwa na moto, isaliwayo baada ya kila fungu la rozari, inatoka huko; nayo leo husaliwa katika jumuiya ndogo ndogo za Singida kama isaliwavyo Lisbon. Maelezo marefu ya bahari ya moto na nafsi zinazoelea ndani yake kama makaa, hata hivyo, yaliandikwa na Lucia mwaka 1941, akiwa mtawa mtu mzima, miaka 24 baada ya tukio, na Ulaya ikiwa inaungua kwelikweli. Kanisa halimlazimishi mwumini kusadiki njozi za namna hiyo kama anavyosadiki Injili. Lakini sala ni fupi, ina wizani, inashika ulimi. Katekisimu ni ndefu. Kinachosaliwa mara tano kila jioni hushinda kilichoandikwa mara moja. Na iangaliwe pia kwamba sala hiyo, tofauti na mahubiri, imewekwa katika nafsi ya kwanza ya wingi, na inamalizika kwa kuziombea mbingu nafsi zote, hasa zenye haja kubwa ya huruma. Watoto wa Fatima wana adabu kuliko wengi wanaowanukuu.

Hofu ikiachiwa iende peke yake hufika Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojimega kutoka Kanisa Katoliki, lililoongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padre aliyekwisha ondolewa, Dominic Kataribaabo, waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Siku zilizofuata yalifukuliwa makaburi mengine ya halaiki katika nyumba za kundi hilo. Walikuwa wameahidiwa kuokolewa na moto. Ni rahisi kusema hao walikuwa wazushi na jambo likaishia hapo. Lakini rozari walizozishika ni zilezile, na picha walizofundishwa zilitoka katika ghala lilelile la uchaji wa Kikatoliki. Kilichokosekana ni ile sehemu ya mwisho ya sala.

Na mafundisho yenyewe, yale ya Roma, yanasemaje? Hayakufuta Jehanamu, kama inavyodhaniwa na wengine. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema ipo na ni ya milele. Ila inaifasiri kuwa ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu kwa hiari na kwa mwisho, na adhabu yake kuu ni utengano huo. Tena inakana kwamba Mungu humpangia mtu yeyote kwenda huko. Yohane Paulo wa Pili, akifundisha tarehe 28 Julai 1999, alieleza kwamba picha za Maandiko zifasiriwe ipasavyo, na kwamba Jehanamu ni hali ya aliyejitenga kabisa na Mungu zaidi kuliko kuwa mahali. Mwanateolojia Mswisi Hans Urs von Balthasar alikuwa amekwisha uliza, katika miaka ya 1980, kama mkristo anaweza kutumaini kwamba wote wataokoka. Akapata wapinzani wengi. Januari 2024 Papa Fransisko, ambaye alifariki mwaka 2025, aliiambia televisheni ya Italia kwamba hupenda kuidhania Jehanamu kuwa tupu, akieleza kuwa hayo si mafundisho bali fikra yake mwenyewe.

Hapa ndipo mtafsiri wa Kiswahili anapokwama, na kukwama kwake ni kwa sarufi kabla ya kuwa kwa dini. Hali, si mahali: kwa Kiswahili maneno haya mawili yanafanana kama pacha, na sentensi inapendeza masikioni. Lakini tazama majina tuliyo nayo. Motoni. Toharani. Peponi. Mbinguni. Yote yana kiambishi cha mahali mkiani. Kuzimu nako kunatawaliwa na ku-. Mtu akitaka kusema habari za akhera kwa Kiswahili, ngeli inamshika mkono na kumpeleka pahala: huko, humo, pale. Hawezi kusema toharani bila kujenga chumba. Papa akanushe mahali. Kiambishi kitapajenga upya kabla Misa haijaisha. Huu si udhaifu wa lugha. Ni tabia yake, kama mtu alivyo na tabia, na wafasiri wa hati za Kanisa wangefanya vyema kuijua kuliko kupambana nayo kwa maneno marefu ya mukhtasari ambayo hakuna bibi wa Iguguno atakayeyachukua nyumbani. Ushairi ungewasaidia. Mshairi anajua kwamba mahali katika utenzi ni hali iliyopewa kuta. Pate ya Al-Inkishafi ni kisiwa kinachoonekana kwa macho, na ni moyo wa mtu.

Hilo la toharani linastahili neno zaidi. Limetoka katika tohara, utakaso, na kwa Kiswahili cha kila siku tohara ni jando. Kwa Wanyiramba na Wanyaturu, ambao jando kwao ni mlango wa utu uzima, neno hilo linakuja likiwa limebeba maana ambayo Kilatini hakikuwa nayo: maumivu ya muda, chini ya ulinzi wa wakubwa, ambayo mwisho wake ni kurudi nyumbani ukiwa mtu kamili na kupokewa kwa vigelegele. Hakuna mzazi anayemwonea kijana wa jandoni huruma ya kukata tamaa. Fundisho la Kanisa kuhusu toharani, linapopigwa msasa na kuondolewa vitisho, ni hilohilo. Kama wapo waliolichagua neno kwa kukusudia, walikuwa na kipaji. Kama ni bahati, basi Kiswahili kimewatendea hisani.

Wasomaji wa visiwani hawataona mjadala wa umilele kuwa ni wa Kikatoliki peke yake. Unguja umeishi nao karne mbili. Masunni wa madhehebu ya Shafii hufundisha kwamba Mwislamu mkosefu, hata akiingia Motoni, hatabaki humo milele, mwisho atatolewa. Maibadhi, waliokuwa watawala, hufundisha kwamba aliyekufa na dhambi kubwa bila kutubu hana kutoka. Waliswali katika mitaa ileile, wakaoana, wakazikana. Moto wa Shafii kwa mwumini mkosefu una mlango wa kutokea, nao kwa sababu hiyo unafanana na toharani ya Mkatoliki kuliko unavyofanana na Moto wa Ibadhi. Padre Charles Sacleux, aliyekusanya kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa miaka mingi pwani hizi kabla haijachapwa Paris mwaka 1939, alifanya kazi katikati ya watu waliokuwa na mizani hiyo tayari. Waliokipeleka Kiswahili bara walichukua maneno, mizani wakaiacha bandarini.

Yupo mtu mmoja ambaye angeweza kuirudisha. Mathias Mnyampala, Mgogo, Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufa mwaka 1969, aliandika katika miaka ya 1960 Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, vyote vikitoka katika mitambo ya misheni. Watu humkumbuka kwa ngonjera na kwa uongozi wake katika UKUTA. Tenzi zake za dini zimekaa kabatini. Ni dhuluma. Mtu wa nchi kavu, jirani wa Singida, alichukua bahari ya mwambao iliyoundwa kwa sifa za Mtume na habari za Kiyama, akaipakia Injili. Kwa tendo hilo tu amethibitisha kwamba utenzi si mali ya dini moja wala ya ufuo. Lakini kazi aliyoianza, ya kuipa bara picha zake za akhera kwa umbo la pwani, haikupata mrithi.

Na picha hizo zipo. Moto, kwa mtu wa Iguguno, si kitu cha kwanza cha kuogopwa. Moto ni mafiga, ni uji wa mtama, ni majani ya shamba yanayochomwa kabla ya kupanda. Kinachotisha ni kisima kilichokauka mwezi wa Oktoba. Ni mchanga wa mto uliofukuliwa mpaka kiunoni na bado ni mkavu. Rejea sasa kwa tajiri wa Luka: anapoinua macho yake kuzimu haombi atolewe. Anaomba tone la maji, ncha ya kidole tu. Yesu mwenyewe, akisimulia katika nchi isiyo na mvua nyingi, aliiweka Jehanamu katika ulimi mkavu. Mhubiri wa Singida ana kisa hiki mkononi kila mwaka na bado huhubiri mwali, kwa kuwa mwali ndio uliokuja na vitabu. Tena kiu ina jambo ambalo moto hauna. Moto huwashwa na mwingine. Kiu ni kukosa, na kukosa ndiko katekisimu inakokusema kwa lugha ngumu ya utengano. Mkoa mzima unayajua maana ya neno hilo kila kiangazi.

Kuna maandishi ya Kiafrika yaliyoiona hali hii mapema sana. Perpetua, mama kijana aliyeuawa Carthage tarehe 7 Machi 203, aliacha kumbukumbu za gerezani. Jina lake na la Felisita aliyekufa naye yamo hadi leo katika Sala ya Ekaristi ya Kirumi. Anasimulia alivyomwona katika ndoto mdogo wake Dinokrate, aliyekufa na miaka 7 kwa kidonda cha uso. Mtoto anatoka mahali pa giza, ana joto, ana kiu. Mbele yake lipo birika limejaa maji, lakini ukingo wake uko juu kuliko kimo chake. Anajinyoosha, hafikii. Perpetua anaamka na kumwombea mchana na usiku. Baada ya siku kadhaa anamwona tena: safi, amevikwa vizuri, kidonda kimekuwa kovu, na ukingo wa birika umeshuka mpaka kitovuni kwake. Anakunywa, anashiba, kisha anaondoka kwenda kucheza kama watoto wachezavyo.

Hamna moto katika ndoto hiyo. Kuna urefu wa ukingo na kimo cha mtoto. Augustino, zaidi ya karne mbili baadaye, alisumbuliwa na kisa hiki, kwa kuwa familia ilikuwa na baba asiye mkristo na haikuandikwa popote kuwa mtoto alibatizwa. Naye akashikilia kwamba lazima awe alibatizwa, la sivyo asingeokoka. Ni hoja ya mwanasheria hodari. Dada alikuwa ameona birika.

Hoja hiyo ya Augustino iliishi muda mrefu. Kwa karne nyingi mama Mkatoliki aliyefiwa na kichanga kabla ya ubatizo aliambiwa kuhusu limbo, ukingoni mwa Jehanamu, pasipo mateso na pasipo kumwona Mungu. Mwezi Aprili 2007 tume ya wanateolojia ya Vatican, kwa idhini ya Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa hati ikisema kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa, na kwamba limbo halikuwa kamwe fundisho la lazima. Hati haikusema ni hakika; ilisema ni tumaini. Maneno hayo mawili, hakika na tumaini, yana uzito tofauti katika Kiswahili, na makatekista wanaofika katika vigango vya mbali kwa baiskeli wana wajibu wa kuyatenganisha wasije wakaahidi wasichoagizwa.

Kadhalika waliojiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kikanisa waliojiua kwa kukusudia, isipokuwa waliotubu kabla ya kufa. Walizikwa bila padre, bila Misa, na majirani walimaliza hukumu wenyewe kwa kusema walikokwenda. Sheria ya mwaka 1983 haikulirudia katazo hilo, na katekisimu ya 1992 inasema watu hao wasikatiwe tamaa, kwani Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe za kuwapa nafasi ya toba, na Kanisa huwaombea. Ni miaka zaidi ya 40 sasa. Bado zipo familia ambazo, Novemba ikifika na bahasha za majina zikigawiwa, huandika babu, bibi, shangazi, wote, na jina moja huachwa. Hakuna padre aliyekataza. Ni zile nyimbo za nafsi ya tatu zinazokataza, zilizoimbwa zamani juu ya jeneza la mtu mwingine. Mvua za kwanza huanguka majira hayohayo, na wenye mashamba huwa wameshika majembe tangu alfajiri. Bahasha hujazwa usiku, kwa mwanga wa taa, na mwenye kuandika akifika mahali pa jina hilo hunyamaza kidogo na kutazama wenzake.